Nipo kwenye dozi ya TB, hivi vidonge vya madini kweli vinalinda ini?

Kijana wa Mwanga: Wakuu heshima kwenu. Niko Kigoma mjini, wiki ya nne kwenye dozi ya TB. Nilivyoanza nesi alisema dawa zinaweza kugusa ini nisinywe pombe, nikaacha. Sasa juzi jamaa kaja kijiweni na kopo la zinki na seleniamu, elfu 85, anasema ukimeza hilo dawa haiwezi kugusa ini hata iweje. Wife keshachomoa hela kwenye mtaji wa dagaa. Mi nina siku ya tatu chakula hakipandi, kichefuchefu, yani hata mgebuka naangalia tu. Ninunue au napigwa?

Mzee wa Kibirizi: Nunua mdogo wangu, madini hayana madhara, shemeji yangu alitumia akamaliza miezi 6 freshi.

dada_Ujiji: Wengi wanamaliza freshi bila kopo, kaka.

Mtu wa Famasi: Mi nauza hivyo vitu na bado nakwambia acha. Huyo jamaa hajatunga yote, ini lina kitu kinaitwa glutathioni cha kupambana na sumu, na kimeng'enya kinachofanya nayo kazi kinahitaji seleniamu, wamejaribu kwa panya waliopewa dawa zinazoumiza ini wakaona afadhali kidogo. Lakini panya wa maabara na wewe wapi na wapi. Seleniamu mtu mzima anahitaji maikrogramu 55 tu kwa siku, hao samaki wa ziwani wanayo, ukizidisha 400 kila siku nywele zinanyonyoka kucha zinakatika mdomo unanuka kitunguu saumu. Zinki nayo ukipitisha mg 40 kwa muda mrefu inapunguza shaba mwilini.

Ila kopo tuliache, mi nimeshtuka hapo kwenye chakula hakipandi. Kwenye hizo dawa zako nne, tatu zinaweza kuumiza ini: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Usisubiri tarehe ya kliniki, nenda leo kabla hujameza dozi nyingine wakupime damu, wao ndo waamue zisimame au ziendelee. Na usije ukaacha halafu ukakaa nyumbani kimya, TB itarudi na usugu.

dada_Ujiji: Mkojo je?

Kijana wa Mwanga: Mwekundu mwekundu tangu siku ya kwanza, waliniambia kawaida.

Mtu wa Famasi: Ule wa rangi ya chungwa ni rifampisini, usiogope. Wa ini unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Angalia na weupe wa macho, juani, sio kwa taa. Kuna miti shamba unakunywa?

Kijana wa Mwanga: Shangazi ananichemshia mizizi, jina sijui.

Mtu wa Famasi: Acha leo, na ukifika waambie usiwafiche.

Kijana wa Mwanga: Wife kanitoa nje kanifunua macho anasema yana unjano, tena upo tangu muda, eti alidhani ni mawese. Bodaboda keshafika. Ile elfu 85 ndo nauli na vipimo.

Mzee wa Kibirizi: Dah. Pole mdogo wangu, tupe mrejesho.