Mwanangu alilelewa na nyanyake Shinyalu, sasa tuko naye Nakuru na hatuzungumzi. Naomba ushauri

Mama_Kaptembwo:

Hamjambo wazazi wenzangu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Nilimwacha mwanangu kwa mama yangu huko Shinyalu, kaunti ya Kakamega, akiwa na miaka minne. Nilikuwa naenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, nikauongeza, kwa sababu pesa hizo ndizo zilizomsomesha yeye na wadogo zangu. Kupiga simu tulikuwa tukipiga, lakini mwajiri alinirudishia simu usiku kazi zikiisha. Saa za kule na za huku ni sawa, kwa hivyo nikipata nafasi mtoto ameshalala. Nikibahatika kumpata macho, ananisalimia kisha anampa nyanyake simu.

Niliporudi nilipanga nyumba hapa Kaptembwo, nikaanza kuuza mitumba ya watoto, na shule zilipofunguliwa Januari nikamchukua. Ana miaka kumi na miwili, yuko Gredi 7.

Mtoto ni mzuri, hilo nataka mlielewe. Hana matusi, hatoroki shule, akitumwa anaenda. Anafua sare zake bila kuambiwa. Lakini nikimuuliza shule ilikuwaje, jibu ni "poa". Umekula nini? "Chakula." Umepata marafiki? Anainua mabega. Na hajawahi kuniita mama. Akinihitaji anakuja kusimama kando yangu mpaka nigeuke. Mama, kwake, ni nyanya yake.

Jioni nyanya akipiga simu, kijana huyu huyu anacheka! Anaongea Kiluhya haraka haraka, anauliza ng'ombe, anauliza nani amezaa na nani amegombana na nani. Simu ikikatika anarudi kwa vitabu vyake, kimya.

Nilimnunulia viatu vya mpira alivyokuwa akivitazama dukani. Jumapili moja nikampeleka Menengai kuona kreta. Alishukuru kwa adabu, kama mgeni.

Dada yangu anasema nizipunguze simu za nyanya ndipo anizoee. Jirani anasema ni umri, itapita. Mama mwenyewe ananiambia nikishindwa nimrudishe, na najua anamkosa sana. Mimi sitaki kumrudisha. Nataka kumjua mwanangu. Kama kuna aliyerudi nyumbani akakuta mtoto hamzoei, au aliyekuwa mtoto wa namna hiyo, nisaidieni.

BabaWawili_Kondele:

Pole sana mama. Mimi nitasema ninavyoamini. Kijana wa umri huo anapima mipaka. Ukimbembeleza kwa viatu na matembezi atakuzoea vibaya. Mkalishe chini umwambie wazi: mimi ndiye mama yako, na utaniita mama. Simu za nyanya mara moja kwa wiki zinatosha. Sisi tulilelewa kwa kiboko na tukawa watu.

Mama_Kaptembwo:

Asante kwa kujibu, baba. Ila hajanikosea adabu hata siku moja. Sijui ningemchapia nini.

Mwalimu_Lugari:

Mama, usimchape, na hilo la kiboko tuliweke kando mapema. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu, mtoto akiwemo, dhidi ya adhabu ya kikatili. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo iko upande wa mtoto. Lakini hata sheria isingekuwepo, mtoto anayenyamaza ukimchapa atanyamaza zaidi. Nafundisha Gredi 7, hao ndio watoto wangu wa kila siku.

Kuhusu simu, nakusihi usizipunguze. Miaka ya 1950 mtafiti mmoja, Mary Ainsworth, alikaa Uganda akiwatazama watoto wachanga na mama zao katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona mtoto anashikamana na yule anayemwitikia, anayekuja akilia, na anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja. Nyanya hakuchukua nafasi yako. Alimfundisha mwanao kwamba mtu mzima anaweza kuaminika, na hiyo ni akiba utakayoitumia wewe. Ukimkatia nyanya, atajifunza kwamba ukimpenda mtu unanyang'anywa.

Nikuulize jambo jingine: shuleni anaongea? Mtoto wa Shinyalu akiingizwa darasa la mjini, wenzake wanaongea Sheng na yeye lafudhi yake ni ya nyumbani, siku ya kwanza akijibu swali wanacheka. Nimeliona mara nyingi, hasa kwa wavulana. Huenda ukimya unaouona jioni umeanzia asubuhi. Nenda umwone mwalimu wa darasa, na uulize nani anashughulikia ushauri nasaha. Usimwendee kama mlalamishi, muulize tu: mwanangu hukaa na nani wakati wa mapumziko?

Ukiona hali chakula, halali, ameacha kucheza, au anasema maneno ya kukata tamaa, hapo usingoje. Mpeleke hospitali. Ipo pia namba 116, ya Childline Kenya, hailipishwi na inapokelewa mchana na usiku. Mzazi anaweza kupiga, si lazima mtoto.

MamaMboga_FreeArea:

Mimi wangu huongea tukimenya njegere. Nikimtazama usoni hasemi kitu, mikono ikiwa kazini anasema yote. Dada, wewe una mitumba. Akae nawe kuchagua na kukunja, na umwachie kazi moja iwe yake kabisa, labda kupanga bei za nguo za watoto wa rika lake, maana anajua wanachopenda kuvaa.

Ja_Ahero:

Nimesoma uzi huu nikasimamisha kazi. Mimi nilikuwa mtoto huyo. Mama yangu alikuwa Nairobi, nikalelewa na dani, yaani nyanya yangu, hapa Ahero, kwenye mashamba ya mpunga. Nilipofika miaka kumi akanichukua. Acha nikuambie yaliyokuwa kichwani mwangu, kwa sababu wakati ule hakuna ambaye ningeweza kumwambia.

La kwanza, niliona nikimpenda mama nitakuwa nimemwacha dani. Nani atamfukuzia ndege kwenye mpunga? Nani atampandishia maji? Kila nikicheka na mama roho ilinisuta. Kilichonifungua ni dani mwenyewe. Alikuja kututembelea, akaniambia mbele ya mama kwamba yeye yuko salama, kwamba binamu yangu anamsaidia, na kwamba anafurahi mimi kukaa pale. Mwombe mama yako amwambie mwanao hivyo kwa kinywa chake. Maneno haya yakitoka kwako hayatamfika. Na lile la "ukishindwa mrudishe" mama alihifadhi, asiliseme mtoto akisikia.

La pili, sikujua kama nimekuja kukaa. Watu wazima walinihamisha bila kuniuliza, kwa hivyo wangeweza kunihamisha tena. Nguo zangu zilikaa kwenye begi muda mrefu. Mwangalie mwanao, nguo zake ziko wapi? Mwambie wazi kwamba huondoki tena, kama ni kweli huondoki. Kama kuna uwezekano wa mkataba mwingine, mwambie hilo pia, asije akalisikia kwa majirani.

La tatu ndilo kubwa. Kila mtu alikuwa akiniuliza maswali, na hakuna aliyekuwa akinisimulia chochote. Mama alirudi kazini akauliza shule, homuwaki, chakula. Mimi nilikuwa na maswali yangu. Alikuwa akilala wapi miaka hiyo yote? Alikuwa na mtoto mwingine? Kwa nini hakunichukua? Siku moja umeme ulipotea, akaanza tu kusimulia, bila kuulizwa, jinsi alivyofika mjini, mama mwenye nyumba aliyemfungia mlango, supu aliyokuwa akinunua bila nyama. Sikusema neno, lakini nilitaka aendelee. Kesho yake nilimuuliza ilikuwaje baadaye. Hilo ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza.

Dada, msimulie Saudia. Si yote, umri wake unaujua. Msimulie nyumba uliyofanya kazi, watoto uliowalea, ulivyokuwa ukingoja simu usiku. Mwambie kwa nini uliondoka. Ila nakuomba kitu kimoja, usitaje pesa uliyotuma. Mtoto akikumbushwa kila mara amegharimu nini, anajiona deni, na mdeni humkwepa anayemdai.

Na neno "mama" usilidai. Mimi nilimwita mama yangu kwa jina miaka miwili. Leo yeye na dani wote wana majina yao kwangu, na hakuna aliyepungukiwa.

Mama_Kaptembwo:

Ja Ahero, nimesoma nikalia, nikasoma tena. Nimeangalia. Nguo ziko kwenye begi. Nilidhani ni unadhifu.

Shinyalu_Damu:

Dada wa kwetu, mulembe. Umesema anauliza ng'ombe. Ng'ombe gani? Muulize mafahali! Mtoto aliyekulia Shinyalu anajua fahali wa nani ana pembe gani, nani alimshinda nani, nani alikimbia. Anajua fahali wa kupigana hutengwa na wengine na kulishwa vizuri, na asubuhi ya siku yenyewe hutembezwa na kundi zima likiimba, ngoma ya isukuti mbele. Hiyo isukuti yetu UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mwanao ameiona kwa macho, na wenzake wa Nakuru hawajui hata inavyochezwa.

Nasema hivi kwa sababu wavulana wanaumia kwa njia hii: kule alikuwa mtu anayejua mambo. Alijua njia za msituni, alijua mifugo, wazee walimtuma kwa sababu anaaminika. Mjini ghafla yeye ndiye asiyejua kitu. Mpe nafasi akufundishe. Na ongea naye Kiluhya nyumbani, hata kama kimekupotea kidogo. Akikurekebisha, furahi.

BabaWawili_Kondele:

Nimesoma yote. La kiboko nimelisikia, mwalimu, na la simu pia. Ila sitaki mama huyu aambiwe asiwe na msimamo. Kuna saa ya kulala, kuna kazi za nyumbani, na mtoto hatakiwi kuachiwa kila kitu kwa kuwa tunamwonea huruma. Mtoto akiwekewa utaratibu anajua huyu mtu mzima amemchukua kwa dhati.

Mwalimu_Lugari:

Hapo tuko pamoja, ndugu. Utaratibu ule ule kila siku humtuliza mtoto aliyehamishwa.

Mama_Kaptembwo:

Nimerudi wapendwa, baada ya wiki kadhaa.

Mwalimu wa Lugari, uliona mbali. Mwalimu wa darasa ameniambia anakaa peke yake wakati wa mapumziko, na kuna wavulana walikuwa wakiigiza anavyosema. Amemhamisha kiti, amemweka na kijana ambaye kwao ni Vihiga. Sasa wanarudi nyumbani pamoja, nawasikia kutoka kwa ngazi.

Mama nimemwomba, akazungumza naye. Sikusikiliza, nilitoka nje. Mama aliniambia baadaye kijana alimuuliza mara tatu, ni kweli binamu ndiye anayekamua? Nimeweka rafu ukutani na kumwambia ni yake. Nguo bado ziko kwenye begi, lakini vitabu vimepanda kwenye rafu.

Tukichagua nguo nilianza kusimulia, bila kumtazama. Nikamweleza nyumba kubwa ya ghorofa, wali wa nyama wanaokula wote kwenye sinia moja, joto la mchana. Nilisimulia muda mrefu mpaka nikajiona naongea peke yangu. Halafu akauliza: "Walikuwa na ng'ombe?" Nikamwambia kuna watu kule wanafuga ngamia, na ngamia wazuri wana mashindano yao. Akaacha kukunja. Wanapigana? Nikamwambia wanakimbia mbio. Akanieleza kwamba fahali hawezi kukimbizwa mbio, anaharibika, na akaendelea kunieleza sababu mpaka tukachelewa kupika. Nimejua majina ya mafahali wanne.

Bado haniiti mama. Siulizi.

Nimemwahidi likizo ya Agosti tutaenda Shinyalu wote wawili, tukae, na turudi wote wawili. Nilirudia hilo la kurudi, nikaona ananisikiliza. Swali langu la mwisho: kutoka Nakuru ni afadhali tupitie Kisumu au Kapsabet? Na nauli shule zikifungwa huwaje?

Shinyalu_Damu:

Pitieni Eldoret, Kapsabet, mshuke Chavakali kisha Kakamega, ndiyo njia ninayotumia. Nauli hupanda wiki shule zinapofungwa, kwa hivyo ngojeni siku kadhaa watu wapungue, au kateni tiketi mapema na msafiri asubuhi. Na kabla ya kuondoka piga simu uulize siku ya mafahali, kijana asifike akakuta yamepigana jana yake.

Mama_Kaptembwo:

Nitamwachia yeye apige hiyo simu.