Zabbix: barua ya majaribio inafika, arifa zenyewe hazifiki

Swali
Zabbix 6.0 (programu ya kufuatilia vifaa vya mtandao) juu ya Ubuntu, barua zinapitia smtp.gmail.com, poti 587, STARTTLS (usimbaji wa muunganisho). Nikibonyeza Test kwenye Media types, ujumbe unaingia papo hapo. Nikichomoa waya wa swichi, dakika tatu baadaye dashibodi inaonyesha "Unavailable by ICMP ping", yaani swichi haijibu, lakini imeili hakuna. Nenosiri nimeshalibadilisha mara mbili.

Jibu
Nenosiri liache. Gmail ingelikataa ungeona kosa 535 palepale kwenye Test. Fungua Reports > Action log, orodha ya arifa ambazo Zabbix imejaribu kutuma. Ukikuta mstari wenye Failed, soma kosa lake. Usipokuta kitu, Zabbix haijajaribu hata kutuma. Angalia Configuration > Actions > Trigger actions: ile "Report problems to Zabbix administrators" inayokuja na programu huwa imezimwa tangu mwanzo.

Muulizaji
Kweli ilikuwa Disabled. Nimeiwasha na kumwongeza mtumiaji noc kwenye Operations. Sasa kwenye Action log Admin ana mstari: "No media defined for user." Huyo noc, mwenye anwani yetu, hayumo kabisa.

Jibu
Admin hujamwekea anwani, basi. Kwa noc shaka yangu ni ruhusa: Zabbix haimtumii mtu habari za kifaa asichoruhusiwa kukiona, na inamruka kimyakimya. Nenda Administration > User groups, kundi lake, Permissions, uwape Read kwenye host group (kundi la vifaa) yenye swichi.

Ukiwa huko, fungua Media ya noc: High (kiwango cha uzito wa tatizo hili) iwe na tiki, na When active ibaki 1-7,00:00-24:00. Ukibana saa, kumbuka zinafuata saa za eneo zilizowekwa kwenye akaunti. Ikiwa UTC, 08:00 ni saa tano asubuhi Dar.

Muulizaji
Ilikuwa Read. Zinaingia.

Jibu
Bado shimo moja. Intaneti yenyewe ikikatika, Zabbix hujaribu mara 3, kila baada ya sekunde 10, halafu inaandika Failed na kuachana nayo. Laini ikirudi barua haitumwi tena. Weka Postfix (programu ya kupeleka barua) kwenye seva hiyohiyo, iwe ndiyo inayopeleka Gmail, kisha Zabbix ielekeze localhost (seva yenyewe) poti 25. Postfix hushikilia foleni hadi siku 5. Arifa itachelewa, ila haitapotea. Ya kufika papo hapo inataka modemu ya GSM na SMS.