Mpira wa juu wa rejeta unachomoka kila nikipanda mlima, sasa fundi anataka kufungua injini

Mkaaji_Kinoo
Hamjambo wadau. Nina Premio ya mwaka 2005, injini ya 1NZ, cc 1500. Kwa mwezi mmoja sasa mpira wa juu wa rejeta umechomoka mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa Waiyaki Way nikirudi nyumbani kutoka Industrial Area. Nikifika Kangemi nikasikia "pwaa!", mvuke ukafunika kioo chote, na matatu iliyokuwa nyuma ikanipigia honi utadhani nimefanya makusudi.

Fundi wangu wa mtaani akarudisha mpira, akakaza klipu, akaniambia hiyo imekwisha. Ikadumu siku nne. Akaweka klipu mbili, ikadumu wiki. Mara ya tatu akapaka silikoni, na hiyo ikaniaibisha nikipanda kutoka Mai Mahiu na mama mkwe yuko ndani ya gari. Alinyamaza kimya mpaka tukafika. Ya nne ni juzi, hapa hapa Kinoo.

Sasa fundi anasema ni gasketi ya hedi (ile pakiti inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) na anataka elfu 28 afungue injini. Kinachonitatiza ni kwamba gari halichemki. Mshale wa temperecha hukaa katikati mpaka mpira utoke. Labda niseme pia kwamba rejeta ilibadilishwa miezi miwili iliyopita baada ya kutobolewa na jiwe. Nilipe hiyo elfu 28 ama nitafute fundi mwingine?

Dereva_wa_Usiku
Bosi, toa thamostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, utupe. Halafu chukua waya wa kufungia, zungusha mara mbili juu ya mpira, nyonga na pleya. Mimi nimeendesha hivyo miaka miwili na sijalia.

Shangazi_Spana
Dereva, kwa heshima, usimpeleke mwenzako huko. Waya unakata mpira kama uzi unavyokata ugali. Na thamostati haina kosa hapa. Ukiitoa injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta zaidi, na mpira utaendelea kuchomoka.

Kaka wa Kinoo, usilipe chochote kwanza. Mpira wa rejeta hutoka kwa njia mbili tu: ama unasukumwa kupita kiasi kutoka ndani, ama haujashikwa vizuri pale shingoni, kwenye bomba la rejeta unapovalishwa. Fundi wako ameruka moja kwa moja hadi kwenye ile ya bei kali.

Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi juu, funga. Washa gari huku umeushika mpira wa juu kwa mkono. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, hiyo ni gesi ya kuchomeka inaingia kwenye maji, na hapo gasketi ina kesi ya kujibu. Ukibaki laini na kuwa mgumu polepole kadiri injini inavyopata joto, hiyo ni kawaida. Chomoa pia kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia ndani yake, nirudie haraka.

Halafu soma namba iliyo juu ya kifuniko. Vingi vya Toyota vimeandikwa 1.1 au 0.9, ndiyo presha vinayoruhusu kabla ya kuachia maji yaende kwenye kichupa cha pembeni. Kama mtu amekuwekea cha juu zaidi, au vali yake imeganda na haiachii, presha itatafuta mahali dhaifu pa kutokea.

Na tafadhali, USIFUNGUE kifuniko hicho gari likiwa moto. Nina alama mkononi tangu 2011.

Mwanafunzi_JKUAT
Samahani kuuliza swali la kitoto. Kwani presha ni ya nini? Si maji yangezunguka tu bila kufungiwa?

Shangazi_Spana
Swali zuri hilo, si la kitoto. Nairobi tuko juu, mita 1,700 hivi, na maji ya sufuria huku huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Injini hufanya kazi karibu kabisa na hapo. Ukiifungia presha, maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kwa hivyo mpira kufura kidogo gari likiwa moto ni sawa kabisa. Kuachia ndiyo shida.

Mzee_Kobe
Nimefanya kazi ya gereji Kariobangi kwa miaka mingi kabla magoti hayajakataa. Kitu ambacho vijana hawaangalii ni klipu imekaa wapi. Shingo ya rejeta ina mwinuko kwenye ncha, kama tuta la barabarani. Mpira unatakiwa uvuke tuta uingie ndani kabisa, halafu klipu ikae NYUMA ya tuta, si juu yake. Ikikaa juu ya tuta, kila ukiikaza inajisukuma yenyewe kuelekea nje. Ukiweka klipu mbili hapo, umeweka wasukumaji wawili.

Halafu hiyo silikoni. Toa yote. Mpira ule hushika kwa sababu ni mkavu na umebana. Ukipaka silikoni umeweka ngozi ya kuteleza katikati. Grisi ndiyo mbaya zaidi, inalegeza mpira kabisa.

Na usikaze kwa hasira. Shingo ya rejeta za siku hizi ni plastiki. Niliwahi kuona kijana ameivunja, *tak*, na mwenye gari amesimama pale pale anaangalia.

Mkaaji_Kinoo
Wazee wangu, asanteni. Nimeamka saa kumi na mbili nikafanya yote kabla ya kwenda kazini.

Mpira ulibaki laini. Dakika tano nimeushika, majirani wananitazama, laini tu. Oili ni safi. Kifuniko ni 1.1, vali inarudi vizuri nikiibonyeza. Baadaye nikauacha upoe, nikatoa mpira. Silikoni ikabanduka yote kwa mkono mmoja, kipande kizima, kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Shingo haina ufa na tuta lipo.

Lakini kuna kitu kimenishangaza. Baada ya kusafisha nilirudisha mpira na ukaingia bila nguvu yoyote. Nikautoa, nikaurudisha, kama mguu wa mtoto kwenye gambuti za babake. Inatakiwa iwe hivyo?

Shangazi_Spana
HAPANA! Mpira wa saizi yake unauingiza ukihema, unaunyonga huku na huku, pengine unaulowesha na maji kidogo. Huo si mpira wa gari lako. Ulipobadilishiwa rejeta ulibadilishiwa na mpira pia?

Mkaaji_Kinoo
Ndiyo, alisema ule wa zamani umechoka. Akaniletea "wa kufanana".

Mzee_Kobe
Kufanana! Tafuta vernia, kile kifaa cha kupimia upana kwa milimita, pima nje ya shingo na ndani ya mpira. Halafu usimtume mtu, nenda mwenyewe Kirinyaga Road na mpira huo mkononi, uwape namba ya chasisi. Mwambie muuzaji unataka ule uliofinyangwa kwa mikunjo yake, si wa kukatwa kutoka kwenye roli. Na uulize klipu za springi, zile gari lilikuja nazo kutoka Japani. Plastiki na mpira hutanuka vikipata joto na kusinyaa vikipoa, na springi hufuatana navyo. Ile ya bisibisi hubaki pale pale ulipoiacha.

Dereva_wa_Usiku
Mimi bado nasema waya 😂

Mkaaji_Kinoo
Nimerudi. Ni wiki tatu sasa.

Jamaa wa ofisi ana vernia. Shingo ya rejeta nje ni milimita 32. Mpira ndani ni 35. Milimita tatu! Klipu ilikuwa inaukunja mpira upande mmoja ndiyo ionekane imebana, na mkunjo wenyewe bado unaonekana. Upande wa injini shingo ni ya chuma na tuta lake limeinuka zaidi, nadhani ndiyo sababu huko hakukuachia.

Kirinyaga Road nilizunguka maduka manne. Matatu walitaka kunipa "wa kufanana" tena. La nne mama mmoja akachukua vernia yake mwenyewe kabla hata sijaomba, nikajua nimefika. Mpira na klipu mbili za springi, 2,300. Kuuingiza nilitoa jasho. Nikajaza kulanti, yale maji maalum ya rejeta, ile iliyochanganywa tayari (fundi alikuwa ananiwekea maji ya kisima, yenye chumvi yake yote), nikawasha nikiwa nimefungua kifuniko, hita imewekwa mwisho, mpaka mapovu yakaisha na feni ikaanza kuzunguka.

Jumamosi nimeenda Naivasha na kurudi, na nimepanda Mai Mahiu nyuma ya lori la mawe kwa gia ya pili. Mama mkwe alikuwepo, kwa hiari yake. Kichupa cha pembeni kiko kwenye mstari ule ule.

Fundi amenipigia kuuliza tutafungua injini lini.

Shangazi_Spana
Hongera kaka. Umemjibu nini?

Mkaaji_Kinoo
Nimemtumia picha ya vernia.