Ukungu kwenye rozimari na mirehani, mvua haikatiki: naomba ushauri

MamaPili_Nakuru: Habari wadau. Niko Kiamunyi, ghorofa ya tatu. Nina rozimari, mirehani na mnanaa kwenye veranda, mikebe 26. Tangu mvua ianze, rozimari imepakwa kitu cheupe kama unga wa ngano. Mirehani nayo ina majani ya manjano, ukiyageuza unakuta vumbi la kijivu. Mnanaa bado. Nifanye nini? Haraka tafadhali.

KijanaWaKondele: Majani ya kunukishia chai tangu lini yakawa na dharura? Nunua dhania ya shilingi kumi uendelee na maisha.

ShambaNjoro: Hayo ni magonjwa mawili. Unga mweupe wa rozimari unapenda mahali hewa haipiti. Tenganisha mikebe, punguza matawi ya katikati, nyunyizia maziwa kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, asubuhi kukiwa na jua. Mrehani wenye kijivu chini ya jani usiuhangaikie. Ng'oa, funga kwenye mfuko, usitie kwenye mboji. Na ukimwagilia, mwagia udongo, majani uyaache makavu.

AuntieKakamega: Huku kwetu mvua hupiga karibu kila alasiri na mnanaa wangu umemeza njia ya choo. Marehemu mama mkwe alikuwa akimwagia jivu kila kitu: kunde, kuku, hata viatu. Sijui kama lilisaidia, hakuna aliyethubutu kumuuliza.

ShambaNjoro: Dada, hujasema umeshaweka nini. Mtu wa "haraka tafadhali" huwa ameshanyunyiza kitu.

MamaPili_Nakuru: Sawa. Shemeji yangu analima viazi Molo, akanipa dawa iliyobaki ya blaiti, ule ugonjwa wa viazi. Jumapili nilipiga zote, kijiko kimoja tu kwa lita tano. Kuna hoteli imeshalipa nusu, wanachukua Ijumaa. Lakini nitaosha kwa maji ya chumvi mara tatu! Na viazi si tunakula vimepigwa dawa hiyo hiyo?

ShambaNjoro: Kiazi kiko chini ya udongo na unakimenya. Mnanaa unatumbukiza jani zima kwenye kikombe. Soma karatasi ya dawa: kuna siku za kungoja kabla ya kuvuna, na zilihesabiwa kwa viazi.

MzeeWaKanisa: Binti yangu, tamaa ya pesa za haraka ndiyo imetufikisha hapa kama nchi. Rudisha hizo pesa ulale usingizi.

Mpelelezi_254: Ngojeni kwanza. Akaunti imefunguliwa leo, hoteli ya Ijumaa, shemeji wa Molo. Sasa hivi atatokea "rafiki" na dawa ya asili ya shilingi 1,500 pamoja na namba ya simu. Halafu mikebe 26 kwenye veranda ya ghorofa? Hizo veranda nazijua, kiti kimoja na beseni la nguo zimejaa.

KijanaWaKondele: Hapo sasa! Weka picha.

MamaPili_Nakuru: Kwani nadaiwa na nani hapa? [picha] Hiyo. Hata viatu vya mtoto kwenye kamba ni vyangu, mkitaka risiti semeni.

ShambaNjoro: Haya, mikebe ipo. Lakini nikiikuza hiyo picha naona mikebe ya mafuta ya kupikia, imebanwa kama abiria wa matatu ya jioni, na maji yamesimama juu ya udongo. Umetoboa chini kweli? Rozimari ni mmea wa vilima vikavu, haitaki kukaa na mizizi majini. Utapiga dawa hadi uchoke. Chukua msumari.

MamaPili_Nakuru: Nilijua mtafika hapo. Nikitoboa, maji yanadondokea nguo za landilodi, anakaa chini yangu. Ameshanionya mara mbili. Ndiyo maana nilianza na dawa.

AuntieKakamega: Weka sinia chini, mwanangu, uwe unamwaga maji kila jioni. Mimi natumia sinia kuukuu za harusi yangu, zimeishi kuliko mambo mengi ya siku ile.

Mpelelezi_254: Naomba radhi kwa ile ya muuza dawa. Lakini hoteli ni ipi? Nisije nikaagiza chai ya mnanaa huko Ijumaa.

MamaPili_Nakuru: Hoteli sitaji. Nimewapigia nikawaambia mvua imeharibu mnanaa. Mirehani nimeng'oa yote. Ila rozimari, jani lake ni gumu vile, hiyo si inaoshika?