Tumeuziwa safari ya jangwa la Namibia kwenye njia iliyofungwa, halafu eti kianzio hakirudishwi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nina hasira, mwenye haraka apite tu. Mods, naomba msiuhamishie kule kwenye matangazo. Hapa hakuna tangazo, kuna watu watano waliopigwa shilingi 12,500,000 mchana kweupe, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, tena tukiwa tumekaribishwa kahawa.

Nianze na sisi wenyewe, maana na sisi tumo kwenye makosa. Tupo wanne wenye magari mawili, hardtop ya dizeli ya kaka mmoja mtu mzima na Prado yangu. Wa tano ni dogo wa pikipiki kubwa. Tulifahamiana gereji Tabata, tukaanza kutoka pamoja: Saadani, Kilwa, Ruaha, hadi Usangu tukaonjeshwa tope. Mwaka huu mmoja wetu akaleta video. Gari linakata ufukweni, upande huu bahari inapiga, upande ule mchanga umesimama kama ukuta wa ghorofa, hakuna mtu, hakuna mnazi, hakuna hata kibanda cha mihogo. Namibia hiyo. Tukalogwa. Grupu la WhatsApp tukaliita Jangwani, na utani ukawa kwamba Jangwani tunayoijua sisi ni ile ya Yanga, ambayo mvua ikinyesha ndiyo bahari yenyewe.

Sasa kutoka Dar hadi Swakopmund kwa gari ni karibu kilomita 4,000. Unatoka Tunduma, unaikata Zambia hadi Lusaka na Livingstone, unavuka kuingia Katima Mulilo, unateremka Rundu, Grootfontein, ndiyo unageukia baharini. Si safari ya kujaza mafuta na kuondoka. Ndiyo maana tukatafuta mtu wa kutuandalia. Tukampata, ofisi yake ipo Mikocheni, jina siliandiki hapa kwa sababu nataka hela yangu, sitaki kesi. Ukutani ana ramani kubwa ya kusini mwa Afrika. Akachukua kalamu nyekundu, akaanzia Swakopmund, akapanda nayo ufukweni mpaka mdomo wa mto Kunene, mpakani na Angola. "Mabosi, hii ni siku tano. Mnalala popote mnapopenda, bahari yenu, mchanga wenu." Kila mmoja akatoa 2,500,000 za kianzio. Kuondoka, Nane Nane.

Risiti? Ya mkono. Nilipouliza ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine ipo kwa fundi. Hapo ndipo ningenyanyuka. Sikunyanyuka.

Kilichonishtua ni mafuta. Siku moja nimekaa na kalamu yangu, nikapiga hesabu. Swakopmund hadi geti la Ugab, ambako hifadhi ya Skeleton Coast inaanzia, ni kama kilomita 200. Hifadhi yenyewe ina urefu wa kama kilomita 500 hadi Kunene. Kwenda na kurudi ni 1,400. Hardtop barabarani inakunywa lita 12 au 13 kwa kilomita 100, ukiingia mchanga mlaini weka 20, na hapo nimekuwa mpole. Hiyo ni lita 280 kwa gari moja. Kwenye orodha ya mratibu kulikuwa na dumu moja la lita 20 kwa kila gari. Dumu moja! Nikampigia, nikamuuliza ukishapita Terrace Bay, kambi iliyo ndani ya hifadhi, mafuta unapata wapi. Akanijibu bila hata kumeza mate: "Pembeni pembeni kuna vituo vidogo vidogo, mkuu."

Wakuu, ile pwani wenyewe wanaiita Skeleton Coast, pwani ya mifupa, mifupa ya nyangumi na mifupa ya meli. Hakuna vituo vidogo vidogo. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1942 meli ya Kiingereza iitwayo Dunedin Star ilipanda mwamba huko juu, karibu na Kunene, ikiwa na watu zaidi ya 100. Ikatumwa meli ndogo ya kuokoa, nayo ikapanda mwamba, wawili wakafa. Ikatumwa ndege ya kijeshi, ikatua, ikazama mchangani, na ilipokuja kunasuliwa na kuruka ikaangukia baharini. Magari yakatoka Windhoek, siku nyingi yanachimbuana tu na mchanga. Waokoaji nao wakawa wa kuokolewa. Huko ndiko mtu wa Mikocheni anataka kutupeleka na dumu la lita 20 na katoni tatu za maji ya chupa.

Nikaamua kuandika mwenyewe barua pepe moja kwa moja Namibia. Jibu likaja kesho yake, fupi, la heshima, na limeniuma kuliko matusi. Kaskazini ya Terrace Bay kumefungwa kwa magari ya watu binafsi. Siyo barabara mbaya, siyo mpaka upate kibali cha ziada. Pamefungwa. Wanaofika huko wanapelekwa na kampuni chache zenye mkataba na serikali, na wengi wao wanaingia kwa ndege ndogo. Sehemu ya kusini, kuanzia Ugab, ndiyo unayoendesha mwenyewe. Ukiwa mpita njia unapewa kibali getini, unatakiwa uwe umeingia kabla ya saa tisa alasiri, na unatoka siku hiyo hiyo, kwa kawaida kupitia geti la Springbokwasser. Kulala ndani ni kwa mwenye nafasi aliyoilipia kabla. Ile "mnalala popote" haipo. Torra Bay, ambayo kwenye ratiba yetu ndiyo kambi ya usiku wa pili, inafunguliwa Desemba na Januari tu. Sisi tunaenda mwezi wa nane.

Na pikipiki haziruhusiwi kabisa ndani ya hifadhi. Kabisa. Dogo wa pikipiki ameshanunua matairi mapya ya mchanga, ameshatengeneza na kibebeo cha madumu kwa fundi Gerezani. Mratibu alimwona na pikipiki yake, akaipiga picha, akaiweka kwenye tangazo lake.

Hii hifadhi imetangazwa tangu 1971. Siyo sheria iliyopitishwa jana usiku ukasema jamaa hakuipata habari. Ni kitu ambacho mtu yeyote anayeuza safari hiyo angekijua dakika ya tano ya kuuliza. Maana yake ni moja kati ya mbili. Hakuuliza, au aliuliza akanyamaza.

Nikamfuata ofisini. Nilidhani ataona haya. Akacheka, akaniita mkuu mara nne, akasema, "Wale askari wa hifadhi tutaongea nao, Afrika ni moja." Yaani mpango wake wote, wakuu, ni kuongea na askari. Wa nchi ya watu. Getini penye mafuvu na mifupa kama urembo. Tuseme umepita, umefika kilomita ya 150 mchangani, hardtop imelala na ekseli, utamwita nani aje akuvute? Utampigia yule yule askari uliyemkwepa? Simu yenyewe haina mtandao.

Nikamuuliza habari ya maji kupwa na kujaa. Mimi nimekulia Bagamoyo, mjomba wangu ni mvuvi, najua bamvua ni nini na maji mafu ni nini kabla sijajua kusoma. Kwenye ratiba yetu siku ya kwanza ni kwenda Sandwich Harbour, kusini ya Walvis Bay, ambako vilima vya mchanga vinashuka mpaka ndani ya bahari. Pale njia ni ule ukanda wa mchanga mgumu unaobaki maji yakipwa. Yakijaa, njia hakuna, kuna bahari na kuna ukuta wa mchanga, na wewe upo katikati na gari la mkopo. Unapanga saa ya kuingia na saa ya kutoka kwa kutazama jedwali la maji, na wenye akili wanakodi mtu wa pale anayejua. Ratiba yake inasema tuondoke Walvis Bay "baada ya chakula cha mchana". Nikamwambia, siku hiyo maji yanajaa saa ngapi? Akasema bahari ni bahari.

Bahari ni bahari! Bahari ya kule inabeba mkondo wa Benguela, maji ya baridi yanayotoka kusini, ndiyo yanayoleta ule ukungu mzito unaofunika pwani. Hata ile barabara nzuri ya C34 inayopanda kutoka Swakopmund, ukishapita Henties Bay imeshindiliwa kwa chumvi, ikikauka ngumu kama lami, ukungu ukishuka inateleza kama sabuni. Ukienda kwa mwendo wa Chalinze utaishia mtaroni.

Halafu upepo wa matairi. Hiki nakisema kwa ajili ya vijana wanaosoma. Mchangani unapunguza upepo, psi 15 hivi, tairi lipanuke likanyage juu, kisha uwe na kompresa ya kujazia ukirudi barabara ngumu. Kigamboni tu pale kila mtu amejifunza hilo kwa kukwama. Mratibu ametuandikia, ninayo karatasi hapa, tujaze hadi 40 "ili tairi lisitoboke". Nimemwonyesha fundi wangu, amekaa chini.

Na bima. Ametuambia kadi ya njano ya COMESA inatufikisha. Inatufikisha Zambia. Namibia haimo kwenye mpango huo.

Kuna kingine kimenikera ambacho hakina hata hela ndani yake. Alisema tukichoka na ufukwe "tutachora njia yetu wenyewe" kwenye uwanda wa changarawe. Ule uwanda ukiutazama unaona kokoto tu, kumbe juu yake kuna vimea kama ukoga vinavyoishi kwa unyevu wa ukungu, na alama ya tairi moja inakaa pale miaka na miaka. Kuna ndege wadogo wa baharini wanaitwa Damara tern, wanataga chini kabisa, peupe, kwenye hizo kokoto. Unapita na Prado, umesaga mayai, hata hujasikia mlio. Sisi tunalalamika wageni wakija Ngorongoro wakatoka nje ya barabara, halafu tuende kwa watu tukachore.

Haya, hela. Nilipomwambia arudishe, akageuza risiti. Nyuma, kwa mwandiko wa kalamu, "kianzio hakirudishwi". Yangu mimi haikuwa na maneno hayo, nina picha niliyoipiga siku ile ile. Ameyaandika kwenye nakala yake. Nikamwonyesha picha, akasema anaingia kikao.

Nilichokuja kulia hapa zaidi, lakini, ni grupu. Nimeweka kila kitu, barua pepe, hesabu ya mafuta, picha ya risiti. Mnajua nilichojibiwa? "Kaka umeanza uoga." Mwingine kaandika eti mimi ni mnoko, kila safari natafuta sababu. Kaka wa hardtop, mtu mzima ninayemheshimu, amesema tushaaga nyumbani na ofisini, likizo imepitishwa, "twende tutajulia mbele". Mbele wapi, kaka? Mbele kuna geti.

NYONGEZA, saa tatu usiku

Asanteni kwa michango, na nyie mnaosema "hela ya mboga hiyo", Mungu awazidishie.

Aliyeuliza kama safari ya halali ipo: ipo, na ni nzuri. Unapanda C34, unasimama Cape Cross kuwaona sili kwa maelfu (shika pua), pale pale Mreno Diogo Cão aliposimika msalaba wa mawe mwaka 1486. Unaingia Ugab asubuhi, unapita mabaki ya meli na ule mtambo wa mafuta uliooza kwa kutu, ukiwa umelipia kabla unalala Terrace Bay, ukiwa mpita njia unatokea Springbokwasser kabla geti halijafungwa. Dogo anaacha pikipiki Swakopmund anapanda kwangu. Sandwich Harbour tunakodi mwenyeji. Hiyo ndiyo niliyoipendekeza kwenye grupu, imepata kidole gumba kimoja, cha dogo.

Aliyesema nipeleke malalamiko Tume ya Ushindani: barua nimeshaandika. Mwenye uzoefu wa kudai kianzio kwa risiti ya mkono anieleze alianzaje, hata kwa ujumbe wa pembeni.

Anayenitaka nitaje jina, nimeshasema.

Ijumaa saa nne asubuhi nitakuwa kwenye ngazi za ofisi yake na karatasi zangu. Dogo amesema anakuja, na anakuja na ile pikipiki. Wale watatu nimewaandikia tangu saa kumi na mbili. Tiki mbili za bluu, kimya.