Re: Nyumba imechukuliwa na mahakama, permeso (kibali cha kuishi) inaisha, nifanyeje?

Mpangaji, Italia kusini:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naomba msaada wa haraka. Nyumba ninayopanga imewekwa chini ya mahakama, kumbe mwenye nyumba ni mtu wa wale Casalesi, mafia wa Casal di Principe, sisi tulimjua kama mzee mpole tu anayepita kuchukua kodi keshi. Karatasi imebandikwa getini, eti kodi tumlipe msimamizi wa mahakama. Sasa kit (bahasha ya maombi ya permeso) nishatuma na miadi ya alama za vidole ni wiki ijayo, kwestura (polisi wanaotoa permeso) wanataka mkataba uliosajiliwa na wangu una jina la mkwe wake ambaye naye kakamatwa. Msimamizi hapokei simu. Niende CAF (ofisi ya makaratasi ya kodi), patronato (ofisi ya kusaidia wafanyakazi), au nijaribu ospitalità ya rafiki (tamko kwamba nakaa kwake)?

Dada wa Modena:
Pole mdogo wangu. Mimi yalinikuta na baa niliyokuwa nafanya usafi, ilifungwa asubuhi moja na mshahara wangu haukuonekana tena. Na usidhani ni mambo ya kusini tu, Casalesi huku wako tangu zamani, wengine waliletwa na serikali yenyewe, zamani jambazi akihukumiwa kukaa mbali na kwao alikuwa anapelekwa kaskazini, anafika anafungua biashara anaita na binamu zake. ISEE yako (cheti cha kipato cha familia) ni ya mwaka huu?

Toronto:
Mafia hao hao wa Sicily wamejaa na huku Kanada, sioni jipya.

Mzee wa Domitiana:
Toronto usichanganye watu. Sicily ni Cosa Nostra, hawa ni Camorra, mafia wa upande wa Napoli, tawi la Caserta, na huko kwenu mnaowasikia sana ni wa Calabria. Casalesi waliunganishwa na Antonio Bardellino, akashirikiana na Wasicilia dhidi ya Cutolo, bosi mwingine wa Camorra, kokeini ikawa inatoka Amerika ya Kusini, mwisho inasemekana wenzake walimmaliza Brazil 1988 na maiti haijaonekana mpaka leo. Mario Iovine anayetajwa kumuua naye akapigwa risasi Cascais, Ureno, 1991. Ndipo wakaja wakubwa wapya, kina Schiavone, Bidognetti na Zagaria. Padri Peppe Diana aliwapinga wazi, wakamuua kanisani tarehe 19 Machi 1994.

Na Septemba 2008 nilikuwa hapa hapa Castel Volturno, vijana sita wa Ghana, Togo na Liberia walimiminiwa risasi kwenye duka la fundi cherehani. Magazeti siku ya kwanza yakaandika ni mambo ya unga. Uongo! Mahakama ilikuja kuthibitisha hawakuwa na kosa lolote, na aliyewatambua wauaji ni Mghana mmoja aliyejilaza kama maiti. Kesho yake tulitoka barabarani, magari yakapinduliwa, sijuti. Novemba mama yetu Miriam Makeba akaja kuimba hapa kupinga hao hao watu, akaanguka alipomaliza kuimba, akafariki usiku huo. Mwanamke aliyekataliwa kurudi kwao miaka thelathini anakuja kufia kwenye kijiji chetu hiki cha nyanya. Basi.

Aberdeen:
Shikamoo mzee. Casalesi hata Scotland walikuwepo, mmoja alikuwa na mgahawa hapa Aberdeen miaka mingi, watu wanakula tu.

Mzee wa Domitiana:
Marahaba. Huyo ni La Torre, wa Mondragone. Ukoo mwingine kabisa! Someni kabla ya kuandika.

Bologna:
Tumsaidie mwenzetu jamani. Sheria ya 1982 ndiyo iliyoruhusu kutaifisha mali za mafia, mafia wakamuua Jenerali Dalla Chiesa, mkuu wa mkoa wa Palermo, ndani ya siku chache bunge likapitisha. Ya 1996 ikasema mali hizo zitumike kwa jamii, ndiyo maana leo unakuta shule au shamba la ushirika kwenye jumba la jambazi. Kwetu fisadi akitajwa anahamishwa wizara. Tungekuwa na sheria hii Masaki ingebaki na nyumba ngapi?

Leicester:
Bologna, kwetu sheria ya kutaifisha tulikuwa nayo. 1971, majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Babu yangu hakuua mtu, alikuwa anauza vitambaa.

Bologna:
Hiyo ilikuwa Ujamaa, ni tofauti, na wengi walikuwa na majengo mengine.

Leicester:
Alikuwa na hilo moja. Msajili wa Majumba akalichukua, na sisi tuliozaliwa mle ndani tukaanza kulipa kodi kwa serikali. Tofauti iko wapi, nieleze taratibu.

Dada wa Modena:
Hayo ya 1971 fungueni mada yenu. Na nani anakwenda ubalozini Roma mwezi huu, nina pasipoti mbili za watoto za kupeleka, nauli nachangia.

Toronto:
Kwani ubalozi wanapokea bila mzazi kuwepo?