Sukari ya asubuhi 5.3, hedhi mara 3 kwa mwaka: mji wa mimba uko salama?

Mhamasishaji_Nyalenda (Kisumu)

Hamjambo humu. Kwenye vikundi vya akina mama kuna hali moja inayojirudia na nataka kuijibu bila kubabaisha. Mama wa miaka 36, kilo 92, kiuno sentimita 104, shingoni ana weusi ule ambao hata akisugua kwa dodoki hautoki. Hedhi anaiona mara 3 kwa mwaka. Hana mimba, hatumii mpango wowote wa uzazi. Sukari ya kidole kabla ya chai ni 5.3 mmol/L, kwa hiyo ameambiwa hana kisukari. Kipimo cha siki cha mlango wa kizazi nacho kimetoka safi. Kuna haja ya kumsukuma apimwe zaidi, kwa kuhofia saratani ya utando wa mji wa mimba? Na wale wanaouliza, "Mbona wa Depo, ile sindano ya mpango wa uzazi, hukaa mwaka mzima bila damu na hamuwatishi?" niwajibu nini?

Nesi_Kondele

Dada, nianze na hilo la Depo, maana ukilielewa mengine yote yananyooka. Utando wa ndani wa mji wa mimba hukuzwa na estrojeni, kisha projesteroni huutuliza, na ikishuka utando humwagika. Mwenye Depo anapata projestini (projesteroni ya kutengenezwa) miligramu 150 kila miezi 3, utando wake ukabaki mwembamba. Damu haiji kwa sababu hakuna cha kumwagika. Huyu wako yai halipevuki, na yai lisipopevuka projesteroni haitengenezwi. Estrojeni inajenga peke yake mwezi baada ya mwezi na hakuna wa kuizuia. Kalenda za hawa wawili zinafanana, ila ndani ya mmoja kunajaa.

Sasa insulini, homoni inayoshusha sukari. Misuli na ini vikishakuwa sugu kwake, kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi ili sukari ibaki pale pale 5.3. Namba ni nzuri, lakini kuna anayeilipia. Insulini hiyo ya ziada huchochea ovari kutoa homoni za kiume, na yai likakwama. Hulifanya ini lipunguze ile protini inayoshika homoni za uzazi kwenye damu, kwa hiyo nyingi zaidi zinabaki huru. Mafuta ya mwili nayo huzigeuza homoni za kiume kuwa estrojeni. Juu ya hayo, chembe za utando zenyewe zina vipokezi vya insulini, hivyo huchochewa moja kwa moja zigawanyike. Wenye PCOS (hali ya homoni ambapo yai halipevuki ipasavyo, kama inavyoelekea kwa huyu) ambao hawajakoma hedhi wana hatari ya mara 2 hadi 6 ya saratani ya utando huu kuliko wenzao, na kisukari cha aina ya 2 huifanya karibu mara 2. Usimtishe lakini: katika umri wake saratani yenyewe bado ni nadra. Tunachotaka ni utando usipate miaka ya kujijenga.

Kipimo cha siki kinaangalia mlango wa kizazi tu, hakioni ndani. Lugha inatuponza hapa, maana saratani ya mlango na ya utando wa ndani zote mbili watu huziita "kansa ya kizazi", na mtu akishapakwa siki anaamini amepimwa nyumba nzima.

Maabara_Kakamega

Sukari ya kabla ya kula huwakosa wengi wa aina hii. Mpeleke kipimo cha kunywa glukosi: afunge saa 8 hadi 14 na maji tu, atolewe damu, anywe gramu 75 za glukosi ndani ya dakika 5, kisha atolewe tena baada ya saa 2. Chini ya 7.8 ni sawa; 7.8 hadi 11.0 sukari imeanza kumshinda, 11.1 kwenda juu ni kisukari, na kama hana dalili kipimo kirudiwe kuthibitisha. Siku 3 kabla ale kawaida. Aliyejinyima ugali ili "apite" hupata majibu ya juu kuliko hali yake.

Yanayoharibu: mgonjwa kupanda boda kwenda sokoni katikati ya zile saa 2, soda kutumiwa badala ya glukosi, na damu kukaa kwenye chupa isiyo na floridi. Chembe za damu huendelea kula sukari, asilimia 5 hadi 7 kila saa, na kwa joto la Kisumu huenda ikazidi. Chupa ni ya kifuniko cha kijivu.

HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 hivi) isomwe kwa uangalifu huku kwetu. Kanda ya ziwa ina wengi wenye selimundu, na damu inayovunjika mapema hushusha namba. Upungufu wa madini ya chuma, ambao mama anayetokwa na damu nyingi huwa nao, huipandisha.

Insulini ya damu ukiombwa, usikimbilie kulipa. Viwango hutofautiana kati ya mashine na mashine, na sampuli ambayo chembe zake zimepasuka hutoa namba ya chini ya uongo. Kiuno cha sentimita 104, weusi wa shingo na hedhi vimeshasema kwamba mwili ni sugu kwa insulini.

Mfamasia_Section58 (Nakuru)

Akipewa metformini, ile dawa ya kisukari, hiyo peke yake isimpe amani. Inasaidia insulini, na kwa baadhi hedhi hurudi, lakini haijathibitishwa kuwa inazuia saratani hii. Aanze miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, aongeze kila wiki 1 au 2, la sivyo tumbo litamfukuza kwenye dawa.

Utando unahitaji projestini yake. Hedhi ikipita siku 90, apime mimba kwanza, kisha daktari akiridhika ampe medroksiprojesteroni ya vidonge, miligramu 10 kila siku kwa siku 12 hadi 14. Akimaliza, damu huja ndani ya wiki hivi. Isipokuja, arudi akaangaliwe. Njia za kudumu zaidi ni vidonge vya mpango vya homoni mbili (presha ipimwe kwanza), au koili ya homoni ya miligramu 52. Sisitiza neno *homoni*: koili ya shaba haitoi projestini hata chembe. Na wanaonunua P2 "kuleta hedhi", hiyo ni dozi ya mara moja ya dharura ya kuzuia mimba. Siku 12 haizijazi.

Uzito: asilimia 5 ya kilo 92 ni kilo 4.6, na kwa wengi hiyo yatosha yai kuanza kupevuka. Vikombe 4 vya chai vyenye vijiko 3 vya sukari ni karibu gramu 50 kwa siku. Aanzie hapo kabla ya kugombana na ugali.

Mhamasishaji_Nyalenda

Asanteni sana. Na yule wa miaka 58 aliyeona doa moja tu, likaisha lenyewe?

Klinika_Bungoma

Huyo usimngojee doa la pili. Damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi huchunguzwa. Karibu 1 kati ya 10 hukutwa na saratani. Picha ya kupitia ukeni ikionyesha utando wa milimita 4 au chini, kwa kawaida tunatulia, lakini uvimbe wa faibroidi huficha utando. Kama hauonekani vizuri au damu imerudi, kinyama cha utando kichukuliwe kikapimwe hata namba ikiwa ndogo. Kwa yule wa 36 kipimo hicho cha milimita 4 hakitumiki. Utando wake hubadilika na hedhi. Akianza kutokwa na damu ovyo au dawa isipomtuliza, naye achukuliwe kinyama.

Kinyama huchukuliwa kwa mrija wa plastiki wa milimita 3 hivi, dakika chache, bila kuingia thieta. Ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla kama vidonda vya tumbo na figo havimsumbui, na kipimo cha mimba kwa aliye bado na hedhi. Mrija unaweza kukosa kidonda kilicho kona moja, kwa hiyo majibu yakiwa safi na damu ikaendelea, omba kamera ya kuangalia ndani ya mji wa mimba au kusafishwa.

Kinachotuangusha zaidi ni safari ya sampuli. Iwekwe kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kinyama. Ikitumbukizwa kwenye maji ya chumvi, inafika imeoza. Kwenye fomu andika umri, tarehe ya hedhi ya mwisho na homoni anazotumia, maana projestini hubadilisha sura ya utando na asiyeambiwa ataisoma vibaya.